Kilichonaswa hewani Morogoro

Mwishoni mwa kiangazi, ukisimama Msamvu, mjini Morogoro, usiku ukatazama kusini, unaweza kuona mstari mwekundu ukitambaa ubavuni mwa Milima ya Uluguru. Wenyeji husema tu, "Mlima unawaka," kisha kila mtu anaendelea na lake. Asubuhi yake shuka jeupe lililosahauliwa kambani linakuwa na vipande vyeusi, vyepesi kuliko unyoya. Ukipangusa kimoja kwa kidole kinasagika na kuacha mchirizi ambao sabuni ya kipande huuondoa kwa taabu.

Hayo ni masizi makubwa, yanayoonekana. Yaliyo madogo hayaonekani kambani. Yanaingia puani, yanateremka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na huko hakuna anayeyafua.

Kiangazi kimoja nilifunga kitambaa cheupe cha pamba kwenye wavu wa dirisha langu nikakiacha siku saba. Nilipokifungua, upande wa nje ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kila mahali nyuzi zilipokatizana palikuwa na kidoa cheusi zaidi. Chini ya lenzi ya mkononi niliona punje za udongo mwekundu, nyuzinyuzi ambazo huenda zilitoka kwenye nguo, unga wa njano niliodhani ni chavua ya majani, na mguu mmoja wa mdudu ukiwa bado na vinyweleo vyake. Nilifurahi kama mtoto. Baadaye nikagundua kwamba sijui chochote zaidi ya kuwa kitu kipo. Ni kiasi gani, katika hewa nyingi kiasi gani, kimetoka wapi, kina uhai au hakina, hayo kitambaa hakikuniambia hata moja.

Kazi hiyo inahitaji kichujio halisi na pampu inayojua imevuta lita ngapi.

Wengi tunadhani kichujio cha hewa hufanya kazi kama chekeche la unga: kikubwa kinazuiliwa, kidogo kinapita. Sivyo. Utando mzuri hunasa hata chembe ndogo kuliko matundu yake, na namna unavyonasa hutegemea ukubwa wa chembe. Ile nzito kiasi inashindwa kukata kona pamoja na hewa, kama bodaboda aliyeingia kwenye kokoto kwa kasi, inakwenda moja kwa moja na kujibamiza. Ya wastani inapita karibu mno na ukuta wa tundu, inagusa, inanata. Ndogo kabisa husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, haitulii hata kidogo, na katika kuhangaika huko mwishowe inagonga. Zinazosumbua kuliko zote ni zilizo kati ya hizo za wastani na zile ndogo kabisa, za karibu 0.3 ya mikroni, yaani elfu tatu hivi zikipangwa mstari mmoja ndipo zifikie milimita moja. Ni nyepesi mno kujibamiza na nzito mno kuhangaishwa. Vichujio hupimwa ubora kwa hizo.

Utando mmoja unaotumika sana kwa kazi hii ni wa polikaboneti, plastiki nyembamba inayong'aa. Utengenezaji wake unanishangaza kila ninapoufikiria. Plastiki hupigwa na vipande vya atomi vyenye nguvu kubwa, na kila kipande kinapopenya huacha njia iliyojeruhiwa isiyoonekana. Kisha huchovywa kwenye dawa kali inayokula zile njia tu. Kinachobaki ni uso laini kama kioo wenye matundu ya duara yanayolingana, na juu yake chembe iliyonaswa hukaa wazi kama punje ya mtama kwenye sahani. Ndiyo maana wanaohesabu bakteria na viini vya kuvu kwa hadubini huupenda. Anayetaka kuvilea viini hivyo vikiwa hai hutumia utando wa jelatini, kwa sababu kwenye utando mkavu bakteria wengi hukaushwa na hewa inayopita juu yao wakafa kabla pampu haijazimwa. Jelatini hubaki na unyevu kidogo, na ukiuweka utando huo kwenye maji ya uvuguvugu unayeyuka wote na kuviachia viini majini.

Wazo la kunasa kisha kuyeyusha lina umri mkubwa. Louis Pasteur alilitumia Paris, akaliandika mwaka 1861. Alivuta hewa kupitia bomba lililozibwa kwa pamba ya kemikali, akaiyeyusha pamba hiyo kwenye mchanganyiko wa etha na alkoholi, na masalia akayatazama kwa hadubini. Alikuta chembe zinazofanana na viini vya kuvu. Kisha akaenda milimani na chupa za mchuzi uliochemshwa, akizifungua ziingie hewa na kuzifunga tena. Bondeni, kati ya chupa 20, nane zilichacha. Kwenye mlima wa mita 850 zilichacha tano. Juu kabisa, kwenye mita kama 2,000 kando ya barafu, ilichacha moja. Mtu anayeishi chini ya mlima kama wetu, wenye vilele vinavyopita mita 2,600, hawezi kusoma hesabu hiyo bila kutamani kuirudia hapa.

Morogoro hatujakaa bure. Mwaka 2011 mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Stelyus Mkoma, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, akiwemo Kimitaka Kawamura, walikusanya hewa ya hapa kwenye vichujio majira ya mvua na tena majira ya kiangazi. Kabla ya hapo Mkoma alikwishafanya kazi kama hiyo tangu 2005 na watafiti wa Ghent, Ubelgiji. Matokeo ya 2011 yalichapishwa mwaka 2013, na nadhani yangestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata mkoani.

Chembe ndogo, zile za chini ya mikroni 2.5 zinazofika ndani ya mapafu, zilikuwa wastani wa maikrogramu 28 katika kila mita ya ujazo ya hewa wakati wa mvua, na 39 wakati wa kiangazi. Ukijumlisha hadi zile za mikroni 10, ilikuwa 47 na 61. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa siku kwa zile ndogo usivuke 15. Na hapakuwa kando ya barabara kuu wala ndani ya stendi. Palikuwa mahali pa mashambani, ambapo mtu angesema hewa ni safi.

Maikrogramu ni neno lisiloshikika, kwa hiyo tuliweke mkononi. Mtu mzima kwa siku huvuta hewa ya mita za ujazo kama 12. Kwa kiwango kile cha kiangazi, anajaza kifuani karibu nusu miligramu ya chembe ndogo, uzito wa punje nane au tisa za chumvi ya mezani. Leo. Na kesho nyingine.

Walijuaje zimetoka wapi? Mti na nyasi vimejengwa kwa selulosi. Selulosi ikiungua huzaa sukari fulani iitwayo levoglukosani, ambayo gari halitoi, udongo hautoi, bahari haitoi. Ukiikuta kwenye kichujio, kuna mmea uliochomwa. Kwa kuipima hiyo, watafiti walikadiria kuwa asilimia 46 hadi 52 ya kaboni ya asili ya viumbe iliyokuwa kwenye chembe hizo ilitokana na kuchoma: kuni, mkaa, mabaki ya mashamba, nyika, msitu. Katika uzito wote wa chembe, mchango wa moto ulikuwa asilimia 8 hadi 13. Kwenye chembe kubwa walikuta sodiamu kwa wingi, na hapo ndipo nilipoweka karatasi chini nikatazama dirishani. Ile ni chumvi ya bahari. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi, ukafika Pwani, ukapanda na bonde la Ruvu, unaleta chumvi hadi Morogoro na kuiweka kwenye kichujio kimoja na moshi wetu.

Kichujio cha kazi ya namna hii hakishikwi kwa mkono. Kwanza huchomwa kwenye tanuru la maabara kwa mamia ya digrii, ili kisibaki na mafuta wala vumbi la kiwandani. Hupimwa uzito kwenye mizani inayosumbuliwa hata na pumzi ya mpimaji, hubebwa ndani ya kisahani chenye mfuniko, na huwekwa kwenye pampu kwa koleo dogo. Zaidi ya hapo kuna kichujio kingine, ambacho mimi nakiona ndicho uti wa mgongo wa kazi yote: kichujio tupu. Kinachomwa vilevile, kinasafiri vilevile, kinawekwa kwenye pampu na kutolewa, lakini pampu haiwashwi. Kikikutwa na kitu, kitu hicho hakikutoka hewani. Kimetoka kwenye mikono, kwenye gari, kwenye maabara. Mtafiti anakitoa katika hesabu yake. Kitambaa changu cha dirishani hakikuwa na mwenzake mtupu, na ndiyo sababu sikuweza kudai lolote juu ya ule unga wa njano.

Vichujio hivyohivyo vinaweza kuulizwa habari za uhai. Viini vya kuvu hubeba sukari zao, manitoli na arabitoli, na kemia ileile inayotafuta sukari ya moto huweza kuziona. Tuna sababu ya kuuliza. Mkoa huu ni wa mkonge, na aliyewahi kuingia kiwanda cha mkonge Kilosa au Kimamba anajua hewa yake. Majani yanapita kwenye korona, mashine ya kuyasaga iliyoitwa hivyo miaka mingi kabla ya ugonjwa wenye jina hilo. Singa zinazotoka, zikiwa zimelowa, huanikwa juani, na zikikauka hupelekwa kwenye mashine ya brashi. Brashi ndiyo inayotoa vumbi. Linaelea jeupe kwenye miale ya jua inayopita matundu ya bati, linatua kwenye kope, linafanya sauti ya mtu iwe ya kukwaruza kabla zamu haijaisha. Watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway waliwachunguza wachakataji wa mkonge nchini na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona: kikohozi na dalili nyingine za njia ya hewa vimeenea miongoni mwao.

Kundi la vyuo hivyohivyo lilikwenda pia kwenye viwanda vya kahawa, na matokeo yakatoka 2013. Huko mfanyakazi huvalishwa pampu ndogo kiunoni, mpira unapita mgongoni, na kwenye ukosi wake kinabanwa kikasha chenye kichujio, karibu na pua. Pampu ya aina hiyo huvuta kama lita mbili kwa dakika, hivyo zamu nzima ya saa nane haijazi hata mita moja ya ujazo. Kwenye kichujio hawakupima uzito wa vumbi tu. Walitafuta endotoksini, sumu iliyomo kwenye ganda la nje la baadhi ya bakteria, ambayo hubaki kali hata bakteria mwenyewe akishakufa. Sumu hii kwa kawaida hupimwa kwa kitu kilichotolewa kwenye damu ya mnyama wa baharini anayefanana na kaa aliyevaa kofia ya chuma. Damu yake ni ya buluu, na huganda mara inapokutana na endotoksini hata ikiwa kidogo mno. Viwanda vya robusta vilikutwa na nyingi kuliko vya arabika. Sababu mkulima wa kahawa wa Bukoba anaweza kuitaja bila maabara: robusta hukaushwa na ganda lake, bakteria wanapata pa kukaa, lakini arabika humenywa na kuoshwa kwanza.

Naona uzito wa jambo hili hapa. Mfanyakazi akisema kifua kinambana, msimamizi anaweza kumwambia anavuta sigara au ana mafua. Kichujio kilichokaa kwenye ukosi wake saa nane hakibishaniwi kirahisi hivyo.

Sasa twende msituni, tukipitia kwanza kwenye bustani za wanyama. Januari 2022 makundi mawili, moja Uingereza na jingine Denmark, yalichapisha kazi zinazofanana bila kupanga pamoja. Kila kundi lilikwenda kwenye bustani ya wanyama, likavuta hewa kwenye vichujio, kisha likatafuta vinasaba ndani yake. Wanyama hupukutisha ngozi, manyoya, mate na kinyesi kilichokauka, na vipande hivyo vina vinasaba vya mwenyewe. Watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Elizabeth Clare kwenye bustani ya Hamerton, walitambua aina 25 za wanyama, wakiwemo simbamarara waliokuwa mita 200 kutoka pampu ilipokuwa. Wale wa Denmark, Christina Lynggaard na Kristine Bohmann na wenzao, walitambua 49 Copenhagen, mpaka samaki mdogo aliyekuwa kwenye kidimbwi cha nyumba ya wanyama wa tropiki. Walinasa pia kuku, ambao hawakuwa wa maonyesho. Walikuwa chakula cha wengine.

Kilichonigusa zaidi kilitokea karibu na kwetu, mwaka 2023. Lynggaard na wenzake walikwenda Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda, bila pampu wala umeme. Walichukua vijiti vya pamba wakapangusa majani ya msituni. Kwa vijiti 24 tu walipata alama za aina kama 50 za mamalia na ndege. Jani ndilo lililokuwa kichujio. Limekaa pale juma zima likipigwa na hewa, chembe zikijibamiza, zikigusa, zikihangaika na kunata, kwa njia zilezile tatu za utando wa maabara.

Uluguru ina majani mengi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ni hekta kama 24,000 za msitu wa mawingu ambako mito inayoinywesha Dar es Salaam kupitia Ruvu inaanzia. Yumo ndege anayeitwa kitaalamu Malaconotus alius, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, ambaye hapatikani mlima mwingine wowote duniani. Anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, na hata wanaomtafuta kwa makusudi husikia sauti yake mara nyingi kuliko kumwona. Mnyama wa namna hii anawezaje kuhesabiwa? Milima jirani ilishatufunza kwa uchungu jinsi kiumbe wa mahali pamoja anavyoweza kupotea upesi. Chura wa Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, aligunduliwa 1996, maji ya maporomoko yake yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, ugonjwa wa kuvu ukaingia, na kufikia 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Ilichukua miaka 13. Amerudishwa baadaye kwa sababu mamia kadhaa walikuwa wamepelekwa kulelewa Marekani. Ndege huyo wa Uluguru hana akiba ya namna hiyo.

Sisemi vinasaba vya hewani vitamaliza kazi. Jua huviharibu, mvua huosha majani, na upepo unaweza kuleta mbuzi wa Mgeta mpaka msituni ambako hajakanyaga. Aliyekula nyama choma kabla ya kushika kichujio anaweza kugundua ng'ombe kileleni. Na kinasaba kisicho na mwenzake kwenye maktaba ya kulinganishia hakina jina, kwa hiyo mlima wenye viumbe wa peke yake unahitaji maktaba yake. Lakini gharama ya kijiti cha pamba ni ndogo, Sokoine wapo chini ya mlima wenyewe, na hakuna asiyejua moto unapanda kila kiangazi.

Kuhusu moto huo, nina ombi kwa wataalamu. Waluguru waliwahi kuamriwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima, wakakataa, na mwaka 1955 ghasia za Matombo zikaua mpango wote. Mkulima anayechoma shamba ana sababu zake: hana trekta kwenye mteremko ule, na jembe la mkono lina kikomo. Msimpelekee amri. Mpelekeeni kichujio. Kiwekeni uani kwake siku moja kabla ya moto na kingine siku moja baadaye, vilazeni pamoja mezani, kimoja cheupe, kimoja cheusi, na mzungumze naye hapo.

Juzi nilipanda Uluguru kwa njia ya Morning Side alfajiri, kabla ukungu haujaachia. Nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyoko huko ilikuwa haionekani hata nilipokuwa hatua chache tu kutoka ukutani. Ndani ya miti nilichagua jani pana lililokuwa usawa wa kifua, lenye matone ukingoni, nikatoa pamba safi kwenye mfuko na kulipangusa mara moja, kutoka kikonyoni hadi nchani. Sikuwa na maabara ya kuipeleka. Nilitaka kuona tu. Pamba ilitoka na mstari wa kijivu. Masizi ya mji yalikuwa yamefika mpaka pale, yametua kwenye jani moja na chochote kingine kilichopita juu ya mti ule usiku. Juu yangu, mahali nisipoweza kupaona, ndege alilia mara mbili, akanyamaza.